Supu ya utumbo, ndimu na chupa ya Morgon

Saa tatu asubuhi, Jumamosi moja ya Januari, mjini Lyon, Ufaransa. Vioo vya madirisha vimejaa mvuke, na nje ukungu umeufunika mto Saône hata hauonekani. Mbele yangu pana sahani ya utumbo uliokaangwa kwa vitunguu vingi mpaka kingo zikabadilika rangi, kikapu cha mkate, na chupa fupi yenye kitako kinene cha kioo. Chupa hiyo wenyeji huiita pot, na herufi ya mwisho hawaitamki. Inabeba sentilita 46. Ndani yake mna mvinyo mwekundu uliopozwa kidogo. Wazee wawili wa meza ya jirani wameshaimaliza ya kwao na wanaagiza ya pili.

Utumbo asubuhi haukunishangaza. Nimekulia Morogoro. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na akirudi safari alfajiri alikuwa akituchukua mimi na kaka yangu mpaka Msamvu kunywa supu. Bakuli la utumbo, chapati mbili, chumvi kwenye kisahani, pilipili na nusu ya ndimu. Baba hakugusa kijiko kabla ya kuikamua ile ndimu mpaka ganda libaki limenyauka. "Utumbo bila ndimu unalala mdomoni," alikuwa akituambia. Nilimsikia akisema hivyo miaka yote ya utoto wangu, nikadhani ni maneno tu ya mtu anayependa vitu vichachu.

Asubuhi ile ya Lyon nilikuwa nimealikwa na rafiki yangu wa Bukavu, mpishi katika mojawapo ya migahawa midogo ya kale ambayo huku huitwa bouchon. Amenizidi miaka mingi ya kuishi mjini hapa, lakini nimemzidi umri, kwa hiyo huniita yaya, kama kwao wanavyomwita ndugu mkubwa. Aliponiona nimekunywa nusu glasi kwa mkupuo, akanishika mkono.

"Yaya, hii haiko maji. Kula kwanza. Kisha unywe. Kisha ule tena."

Nikala. Utumbo ule ulikuwa mlaini, mafuta yake yakatanda ulimini na kwenye kaakaa, na kufikia tonge la tatu sikuwa nikisikia tena ladha ya kitunguu wala ya nyama; nilikuwa nikisikia mafuta tu. Nikanywa kidogo. Mate yakanijaa mdomoni, yale mafuta yakaondoka, na tonge lililofuata likawa tamu kama la kwanza. Nikaweka uma chini. Baada ya miaka zaidi ya 20 ndipo nilipomwelewa baba: mvinyo ule ulikuwa ukifanya kazi ya ndimu.

Tangu siku hiyo nimeonja mvinyo mwingi wa Ufaransa, nimesoma, nimehudhuria masomo ya jioni, nimevuna zabibu kwa mikono yangu. Bado kila ninachokijua kimejishikiza kwenye tonge lile. Mtu akiniuliza kama mvinyo fulani ni mzuri, namuuliza kwanza anakula nini.

Mlo huo wa asubuhi wenyeji wanauita mâchon. Ulikuwa mlo wa wafumaji wa hariri, wale canuts wa kilima cha Croix-Rousse, watu waliofanya maandamano na kupigana na askari mwaka 1831, kisha tena 1834, kwa sababu ya malipo ya kazi yao. Walianza kufuma kabla ya jua kuchomoza, na ikifika katikati ya asubuhi njaa inauma. Nyama nzuri ilikuwa ya matajiri. Wao walipata utumbo, miguu, vichwa, soseji, na mvinyo wa bei nafuu ulioteremka kutoka vilima vya Beaujolais, kaskazini kidogo tu ya mji. Watu wa Lyon husema mito inayopita mjini kwao ni mitatu: Rhône, Saône na Beaujolais.

Ukiyafikiria mazingira hayo, mvinyo wa Beaujolais hauhitaji maelezo mengi. Mtu mwenye sahani ya mafuta na siku ndefu ya kazi mbele yake hahitaji mvinyo mzito wa kumlaza. Anahitaji kitu chenye uchachu, chepesi, kisichokausha mdomo.

Hapa nisimame kidogo kwenye maneno, maana Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno ya mdomoni na mara nyingi tunaisahau. Hata majina ya kinywaji chenyewe yana safari zake: mvinyo tuliupata kwa Wareno na vinho yao, na divai, ile tunayoijua sana kanisani, imetoka kwa hawa hawa Wafaransa. Mara ya kwanza nilipomsikia mhudumu akiuliza meza nzima "du vin?" niligeuka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni ukakasi. Chemsha majani ya chai mpaka yawe meusi, kisha unywe bila maziwa wala sukari. Ule mkwaruzo unaobaki kwenye fizi na pembeni mwa ulimi ndio ukakasi. Uko kwenye ndizi mbichi, uko kwenye bibo, uko kwenye zambarau ambalo halijaiva sawasawa. Unaletwa na tanini. Mate yetu yana protini zinazoufanya mdomo uteleze. Tanini inazidaka protini hizo, zinagandamana, na utelezi unaondoka. Sasa mimina maziwa kwenye chai ile ile. Ukakasi unapungua papo hapo, kwa sababu protini za maziwa zimeidaka tanini kabla haijafika kwenye mate yako.

Mama zetu wanaopika chai ya maziwa kila asubuhi wanaijua kanuni ya mvinyo na chakula kuwashinda watu wengi waliosomea. Mvinyo wa Bordeaux wenye zabibu nyingi za Cabernet Sauvignon, kama ule wa Pauillac, ukiwa bado mchanga unakwaruza kama chai iliyochemka mno. Ukiletewa mguu wa mwanakondoo wenye mafuta yake, unatulia. Nyama na jibini zinafanya pale kazi ya maziwa.

Uchachu ni jambo jingine. Ukakasi huyakausha mate, uchachu huyaita. Ukifikiria ndimu tu, tayari mdomo umelowa. Karibu kila mvinyo mwekundu una vyote viwili, na kuuelewa ni kuvipima kimoja kimoja: fizi zinasema nini, na mate yanasema nini. Watu wengi ninaowaona wakionja wanayachanganya haya, wanasema mvinyo ni "mkali" na kuishia hapo. Mkali vipi? Unakwaruza, unachachua, au unaunguza koo kwa sababu ya kilevi? Ni mambo matatu mbalimbali na kila moja lina chakula chake.

Zabibu ya Beaujolais inaitwa Gamay. Tanini yake ni kidogo, uchachu wake ni mwingi. Iliwahi kutukanwa vibaya. Mwezi wa Julai mwaka 1395, Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, aliamuru mizabibu yote ya Gamay ing'olewe katika nchi yake, akaiita mbaya mno na isiyo na uaminifu. Ilikuwa ikizaa sana kuliko Pinot Noir, zabibu nyekundu ya Burgundy, na yeye alitaka jina la mvinyo wa Burgundy libaki juu. Gamay ikabaki kusini, kwenye vilima vya graniti ambavyo Pinot Noir haikuvipenda. Nadhani mtawala yule, bila kukusudia, aliipeleka mahali pake. Kwenye udongo mzito wenye rutuba Gamay huzaa maji matamu tu. Kwenye mwamba inajinyima, na inachokitoa kina maana.

Dunia inaijua Beaujolais kwa ule mvinyo mchanga unaofunguliwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Nimeunywa, una furaha yake ya siku moja, harufu ya ndizi mbivu na peremende, na jioni ile barabara zinachangamka. Ila umewafanya watu wengi waamini kwamba Gamay haiwezi zaidi ya hapo. Kaskazini mwa eneo lile kuna sehemu 10 ambazo mvinyo wake una haki ya kubeba jina la mahali penyewe bila hata kutaja Beaujolais kwa herufi kubwa: Fleurie, Moulin-à-Vent, Juliénas, Brouilly na nyingine, ya mwisho kuingia ikiwa Régnié mwaka 1988. Yangu mimi ni Morgon.

Septemba 2021 nilichukua likizo ya wiki moja nikaenda kijiji cha Villié-Morgon kufanya kibarua cha kuvuna. Ulikuwa mwaka mgumu. Aprili baridi kali iliunguza machipukizi ya mizabibu sehemu kubwa ya Ufaransa, kisha kiangazi kikawa cha mvua na ukungu wa majani. Mkulima aliyetuajiri alitembea kati ya mistari akihesabu mashada kama mtu anayehesabu watoto baada ya ajali.

Mizabibu ya kizamani ya kule haifungwi kwenye waya. Kila mmoja unasimama peke yake kama kichaka kifupi, matawi yameelekea juu, na mashada yamejificha chini kabisa. Kwa hiyo unainama kuanzia asubuhi mpaka jioni. Unaingiza mkono wa kushoto chini ya majani, unalishika shada, na mkono wa kulia unatafuta kikonyo kwa mkasi. Siku ya pili nilijikata kidole cha shahada. Siku ya tatu mikono yangu ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye vifundo, rangi ile ile niliyokuwa nikirudi nayo nyumbani nikiwa mtoto, nikiificha mgongoni mama asijue nimepanda mti. Nililamba kidole. Sukari, uchachu, na mwishoni kabisa ukakasi mdogo kutoka kwenye ganda.

Mashada hayaruhusiwi kupondeka, na sababu yake niliiona kwenye tangi. Beaujolais hawazikamui zabibu kwanza. Wanazitia nzima nzima, na vikonyo vyake. Zile za chini zinapasuka kwa uzito wa za juu, maji yake yanaanza kuchachuka, na hewa ukaa inayotoka inajaza tangi lote. Zabibu za juu zikikosa oksijeni zinaanza kujichachua zenyewe ndani kwa ndani, bila hamira, ganda likiwa bado halijapasuka. Hapo ndipo unapotoka ule mnuso wa matunda ambao Gamay ya huku inasifika nao. Mkulima alinipa punje moja aliyoitoa juu ya tangi siku ya tano. Kwa nje ilikuwa zabibu. Nilipoitafuna ilinichoma ulimi kama soda, na ndani ilikuwa imeshageuka nyekundu, ingawa Gamay ikiwa shambani nyama yake ni nyeupe.

Alituonya wote tusiinamie tangi. Hewa ile haina rangi wala harufu, ni nzito, inakaa chini, na mtu akiingiza kichwa anaweza kuanguka asiamke. Alikuwa na mshumaa kwenye ndoana. Aliuteremsha taratibu, na ulipofika chini kidogo ya ukingo ukazimika kana kwamba mtu ameupuliza. Sijausahau mshumaa ule.

Mvinyo wa Novemba hukaa tangini siku nne au tano tu. Wa Morgon hukaa wiki mbili, wakati mwingine zaidi, ukinyonya rangi na tanini kutoka kwenye maganda. Kijiji kile ndiko alikokuwa Marcel Lapierre, mkulima aliyefariki mwaka 2010, ambaye pamoja na majirani zake walifuata mafundisho ya mwanakemia Jules Chauvet: dawa chache shambani, hamira ile ile iliyokuja na zabibu kutoka shambani, na salfa kidogo sana au pasipo salfa kabisa. Watu wengi duniani wanaotengeneza mvinyo wa namna hiyo leo wanawataja wao.

Jioni ya mwisho tulipanda Côte du Py, kilima cha mita 352 tu, lakini ukisimama juu yake asubuhi yenye anga safi unaiona Mont Blanc. Udongo wake haufanani na wa jirani. Ni mawe ya rangi ya bluu iliyofifia, yenye kutu ya chuma, ambayo wenyeji wanayaita mwamba uliooza kwa sababu unaweza kulivunja jiwe kwa vidole. Niliweka moja mfukoni. Liko dirishani kwangu hadi leo, limeacha vumbi la kahawia kwenye rangi nyeupe.

Sasa chupa zenyewe. Mwezi wa Februari nilifungua mbili kwa pamoja, zote za mkulima yule yule na za shamba lile lile la Côte du Py: moja ya 2020, mwaka wa joto ambapo mavuno yalianza Agosti, na moja ya 2021, ule mwaka wa kidole changu. Kwenye lebo ya kwanza kilevi kimeandikwa asilimia 14, kwenye ya pili 12.5.

Nilizitia kwenye friji nusu saa kabla, nikazitoa zikiwa kwenye nyuzi 14 hivi. Jambo hili nalishikilia sana. Julai moja, katika mgahawa ambao sitautaja, tuliletewa Fleurie iliyokuwa imepangwa kwenye rafu juu ya jiko la kahawa. Ilikuwa na joto la mwili wa mtu. Niliomba ndoo ya barafu, mhudumu akanijibu kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwenye joto la chumba. Kauli hiyo ilizaliwa wakati nyumba za Ufaransa zilikuwa hazina mitambo ya kupasha joto na chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 17. Mvinyo ukipata joto, kilevi kinaruka puani na kufunika kila kitu, na uchachu unaonekana kama umelala. Tulilipa, tukaacha nusu chupa. Bado inaniuma, maana najua mgongo wa nani uliinama kuzichuma zabibu zile.

Jaza glasi theluthi moja tu, ili harufu ipate mahali pa kukaa. Inuse kabla hujaizungusha. Kisha izungushe, unuse tena. Ile 2020 ilitoa cheri zilizoiva kupita kiasi, karibu na jamu, na nyuma yake kitu kama majani makavu. Ile 2021 kwanza haikusema chochote. Nikaiacha dakika kumi. Iliporudi, ilikuwa zambarau. Ilikuwa zambarau hasa, lililoanguka lenyewe, limepasuka kidogo, likiwa na vumbi lake.

Kwenye masomo ya jioni niliwahi kulisema neno hilo nikaelezea tunda lenyewe, na mwalimu akanirekebisha: sema cassis, tunda dogo jeusi la huku. Niliandika cassis kwenye karatasi kwa sababu kulikuwa na mtihani. Lakini nimelila cassis mara nyingi tangu wakati huo na ninashikilia neno langu. Cassis inakupa harufu na uchachu. Zambarau linakupa utamu, uchachu na ukakasi kwa mpigo mmoja, na kwa kipimo kile kile kilichomo kwenye Morgon mchanga, kisha linakuachia ulimi wa zambarau. Mtu wa Tanga au wa Unguja nikimwambia "fikiria zambarau" ameshauonja nusu ya mvinyo ule kabla hajaugusa. Kama unaonja kwa lugha yako, tumia matunda ya kwenu. Pera, ukwaju, ubuyu, fenesi, yote yana kazi.

Mdomoni nilizishika sekunde kadhaa, nikavuta hewa kidogo juu ya ulimi, nikameza. Ya 2020 ilikuwa pana, laini, yenye joto kooni. Ya 2021 nyembamba, iliyonyooka, mate yakitoka mpaka chini ya ulimi, na ladha yake ilibaki muda mrefu kuliko dada yake. Ukinipa zote mbili bila chakula, nitachagua 2020, na nadhani wengi watafanya hivyo. Ndiyo maana sizipimi bila chakula.

Rafiki yangu wa Bukavu alileta soseji nene ya nguruwe yenye vipande vya pistachio, ile inayochemshwa polepole na kuliwa na viazi vya moto. Tulikata vipande vya unene wa kidole. Na tonge la kwanza 2021 ikasimama. Chumvi ya soseji iliulainisha uchachu wake, mafuta yakapata wa kuyasafisha, na lile tunda likatoka mbele. Ile 2020 ilikaa juu ya soseji kama blanketi juu ya blanketi. Yeye alisema tu, "Hii ndogo iko na nguvu," akijimiminia tena ile ndogo.

Jibini la Saint-Marcellin, lile laini linalotambaa kwenye sahani likikaa nje, lilizipenda zote mbili. Samaki jodari wa kuchoma alizikataa zote mbili, na vibaya: mdomoni kulibaki ladha ya sarafu. Mvinyo mwekundu una chembe za chuma, na zikikutana na mafuta ya samaki ndizo zinazoleta shombo ile.

Jumapili iliyofuata nikapika pilau. Nilikuwa na hamu ya kujua, maana pilau ndicho chakula changu cha watu ninaowapenda. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa karibu vyeusi, bizari nyembamba, karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga. Hapa 2020 ilirudi na heshima yake yote. Ule upana wake ulipata kitu cha kushikilia, na karafuu ikalivuta lile jani kavu lililokuwa limejificha nyuma ya cheri, likawa harufu ya sanduku la nguo za zamani. Watu wa Morgon wana kitenzi chao, morgonner, wanachokitumia mvinyo wao ukizeeka ukaacha tunda na kuelekea kwenye udongo na viungo. Mwenzangu alinusa glasi, akala, akanusa tena, akasema, "Yaya, imeanza kumorgona." Tangu siku ile tunakinyambua hivyo hivyo.

Kosa langu lilikuwa kachumbari. Niliikata kama nyumbani, na pilipili mbuzi nzima ndani. Kijiko kimoja tu na ile 2020 ikawa moto mtupu, kwa sababu kilevi na pilipili vinachocheana na asilimia 14 si haba. Siki na ndimu ya kachumbari nazo ziliufanya mvinyo uonekane bapa, kama umemwagiwa maji. Nikaiondoa mezani. Mara iliyofuata nilikata vitunguu na nyanya, chumvi tu, bila ndimu, na mvinyo ukaingia penye nafasi ile iliyoachwa wazi. Kwenye mlo mmoja, mwenye kazi ya uchachu awe mmoja.

Na nazi? Nimejaribu mchuzi wa kuku wa nazi mara tatu na Gamay, mara tatu nimekata tamaa. Utamu wa tui unaufanya mvinyo uonekane mchachu na mwembamba. Kwa nazi tafuta mweupe.

Hilo la uchachu mmoja lilinirudisha nilikoanzia. Machi nilikwenda sokoni nikanunua kilo moja ya utumbo, ile sehemu ambayo wauza supu wa kwetu wanaiita taulo. Huku inauzwa ikiwa imeshasafishwa na kuchemshwa, nyeupe kama karatasi, kwa hiyo haikuhitaji muda mrefu. Niliipika na vitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, karoti moja, chumvi ya kutosha. Chapati nilisukuma usiku. Pilipili niliiacha kabatini. Ndimu nilikuwa nayo, nikaiweka mezani nzima, haijakatwa.

Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu wa Bukavu, na kaka yangu aliyekuwa amekuja kutembea kutoka Morogoro. Niliwamiminia 2021, chupa yangu ya mwisho ya mwaka ule. Kaka alikunywa vijiko viwili vya supu, akatafuta kisu kwa macho, akakiona, mkono ukaelekea kwenye ndimu kama ambavyo mkono wa baba ungeelekea.

"Subiri kaka," nikamwambia. "Onja hii kwanza."

Akanywa mvinyo. Akarudi kwenye supu, tonge la utumbo na mchuzi wake. Alikaa kimya, akatafuna, akanywa tena. Kisu alikiacha pale kilipokuwa. Alipofika nusu ya bakuli ndipo alipozungumza: "Haujalala mdomoni."

Tulipomaliza, chupa ilibaki na kiasi cha glasi moja. Niliirudishia kizibo nikaitia kwenye friji. Asubuhi niliipasha moto supu iliyobaki, nikaikamulia ile ndimu yote, na kile kilichokuwa kwenye chupa nikamwachia kaka aende nacho kwenye kichupa kidogo, akamwonjeshe baba.